Kuigeuza baiskeli ya mbio ya zamani kuwa ya safari ndefu: kisa cha Arusha hadi Njombe

Usuli

Kisa hiki kinahusu baiskeli ya mbio ya chuma, iliyotengenezwa Japani mwanzoni mwa miaka ya 1980, ambayo iliingia Arusha ndani ya kontena la mitumba na kununuliwa na mwalimu wa sekondari aliyekusudia kusafiri nayo hadi Njombe wakati wa likizo. Majina ya watu na ya maduka yameondolewa, na mambo machache yasiyogusa ufundi yamebadilishwa ili wahusika wasitambulike. Njia nimeiacha kama ilivyokuwa, kwa sababu maamuzi ya mafundi hayaeleweki kwa msomaji asiyejua barabara ilipanda wapi na wapi ilikosa maduka. Baiskeli niliikagua iliporudi, nikazungumza na mwenyewe pamoja na fundi aliyeigeuza, kisha nikasoma daftari ambalo mwalimu aliandika kila jioni.

Njia ilianzia Arusha, ikapita Makuyuni, Babati na Kondoa hadi Dodoma, kisha ikashuka Mtera, ikapanda Iringa na kufuata barabara kuu hadi Makambako kabla ya kuchepuka kwenda Njombe. Ni takriban kilomita 900, zote za lami. Ugumu wake uko kwenye miinuko: Bwawa la Mtera liko karibu mita 700 kutoka usawa wa bahari, Iringa iko juu ya mita 1,500, na Njombe inakaribia mita 2,000. Anayetoka Mtera kwenda Iringa hana budi kuupanda mlima Nyang'oro.

Mwalimu alifikiria pia baiskeli aina ya Phoenix, ambayo kwa kubeba mizigo haina mpinzani na vipuri vyake viko kila kijiji. Aliiacha kwa sababu ya uzito wake, na kwa sababu gia moja ingemlazimisha kuisukuma kwa mguu sehemu kubwa ya milima hiyo. Fremu ya zamani ya chuma ilikuwa chaguo la busara. Chuma huvumilia mtikisiko, na kikipasuka, fundi wa kuchomelea mwenye mkono mzuri anaweza kukiunga, jambo ambalo ni gumu mno kwa alumini.

Baiskeli kama ilivyopokelewa

Kabla ya kulipia, fundi alifunga uzi kwenye nafasi ya ekseli ya nyuma upande mmoja, akauzungusha mbele ya bomba la shingo na kuurudisha upande wa pili, kisha akapima kwa rula umbali kati ya uzi na bomba la kiti, kushoto na kulia. Vipimo vikilingana, fremu imenyooka. Vikitofautiana kwa milimita kadhaa, fremu iligongwa au ilipinda ndani ya kontena. Hapa vililingana. Kipimo hicho hakikuchukua hata dakika tano, na ninakitaja kwa sababu wanunuzi wengi wa mitumba hukagua rangi na kusahau unyoofu wa fremu.

Vifaa vilikuwa vya mbio za wakati ule: meno 52 na 42 mbele, friwili (rundo la gia za gurudumu la nyuma) ya gia sita yenye meno 14 hadi 28, breki za koleo zinazoibana rimu kwa raba pande mbili, na vishikio vya gia kwenye bomba la chini la fremu, vya aina isiyo na hatua, ambavyo mwendeshaji huvisogeza mpaka asikie mnyororo umekaa. Nafasi ya habu (kitovu cha gurudumu) ya nyuma ilikuwa milimita 126. Magurudumu yalikuwa ya inchi 27, yenye rimu za alumini. La mbele lilizunguka bila kuyumba, ila la nyuma lilikuwa na ufa pembeni mwa tundu la spoki.

Maamuzi kabla ya safari

Jambo la kwanza lilikuwa gia. Kwa meno 42 mbele na 28 nyuma, kila mzunguko wa pedali uliisogeza baiskeli mita 3.2 hivi. Mtu, baiskeli na mizigo vilikadiriwa kuwa kilo 105. Kwenye mwinuko wa asilimia 8, kuzungusha pedali mara 60 kwa dakika kwa gia hiyo kungehitaji zaidi ya wati 260, nguvu ambayo mtu asiye mwanamichezo hawezi kuitoa kwa nusu saa. Fundi alifunga kranki (mikono ya pedali pamoja na gia zake za mbele) ya mtumba ya baiskeli ya milimani yenye meno 42, 32 na 22. Friwili ilibaki ileile, na mzunguko mmoja katika gia nyepesi kuliko zote ukawa mita 1.7, ambao katika mwinuko uleule unahitaji takriban wati 140. Mwendo unashuka hadi kilomita 6 kwa saa, lakini mwendeshaji anabaki amekaa juu ya tandiko, akivuta pumzi.

Badiliko hilo liliburuta mengine mawili. Kranki ya meno matatu inahitaji ekseli ndefu zaidi katikati ya fremu, kwa hiyo ilifungwa mpya. Pia kifaa cha nyuma cha kuhamisha gia kilikuwa na mkono mfupi usioweza kumeza mnyororo uliolegea: tofauti ya meno mbele ni 20 na nyuma ni 14, jumla 34, nacho kilitengenezwa kwa tofauti ndogo zaidi ya hiyo. Kikafungwa chenye mkono mrefu. Kwa kuwa vishikio havikuwa na hatua, vilikubali vifaa hivyo vya aina tofauti bila shida, na hii ni faida ya baiskeli za zamani isiyopewa heshima inayostahili.

Fundi alipendekeza pia kuipanua nyuma ya fremu kutoka milimita 126 hadi 135 ili ikubali habu za kisasa. Mwalimu alikataa, na kwa maoni yangu alifanya vyema. Chuma kinakubali kupanuliwa, lakini baada ya kupanua ni lazima sehemu zinazoshika ekseli zirudishwe sambamba, na karakana ile haikuwa na kifaa cha kazi hiyo. Badala yake, ekseli yenye uwazi ndani, ya kufungua kwa mkono, ilibadilishwa ikawekwa ngumu ya nati, ambayo ni imara zaidi na inauzwa hata minadani.

Magurudumu ndiyo yaliyojadiliwa kwa muda mrefu kuliko yote. Tairi la inchi 27 hukaa kwenye rimu yenye kipenyo cha milimita 630, na kwa hesabu ya fundi, mtu asingetegemea kulipata njiani. Tairi la Phoenix, linaloandikwa 28 x 1½, ni la milimita 635. Linauzwa kila mahali, lakini ni nene na halikupita kati ya mabomba ya nyuma ya fremu. Tairi la baiskeli za milimani la inchi 26 ni la milimita 559, na raba za breki zingehitaji kushuka zaidi ya milimita 35, jambo lisilowezekana kwa koleo zile. Likabaki la 700C, la milimita 622. Nusu ya tofauti kati ya 630 na 622 ni milimita 4, na nafasi ya kusogeza raba za breki ilitosha, ingawa ziliishia karibu kabisa na mwisho wake. Faida iliyofuata ni kwamba rimu ndogo huacha nafasi zaidi juu ya tairi, hivyo tairi la upana wa milimita 32 lilikaa pamoja na madigadi bila kugusa.

Gurudumu la nyuma likasukwa upya kwa rimu ya 622 na spoki 36. La mbele, kwa kuwa lilikuwa zima na fedha zilikuwa zimekwenda kwenye kranki, liliachwa lilivyo, na rimu yake ya 630 pamoja na tairi lililokuja na baiskeli. Tairi la akiba lililonunuliwa lilikuwa moja, la 622.

Keria ilikuwa ya Phoenix, miguu yake ikabondwa bapa na kutobolewa ili ishike kwenye matundu ya boldi za milimita 5 yaliyokuwepo kwenye fremu, kwa nati zenye plastiki ndani ili zisilegee. Mikoba ilikuwa madumu mawili ya lita 20 yaliyokatwa juu na kuning'inizwa pande zote mbili. Siku ya kuyajaribu, kisigino kiligonga dumu kila pedali ilipopita nyuma, kwa kuwa mabomba ya nyuma ya baiskeli ya mbio ni mafupi. Madumu yakasogezwa nyuma hadi visigino vikapita huru.

Yaliyotokea njiani

Hadi Babati daftari linasimulia upepo na jua, na gia nyepesi iliyofanya kazi yake. Mwalimu aliandika pia kwamba usukani ulitetemeka kila alipozidi mwendo fulani kwenye mteremko, na kwamba alijizoeza kulibana kwa magoti bomba la juu la fremu ili utulie.

Kati ya Bereko na Kolo, kwenye mteremko, tairi la mbele lilipasuka ubavu. Mpira wake ulikuwa umekauka kwa miaka mingi na nyufa ndogo zilikuwa zikionekana tangu siku ya ununuzi. Kwa bahati njema alikuwa amekwisha kupunguza mwendo. Alipojaribu kulivalisha tairi la akiba la 622 kwenye rimu ya 630, ukingo wa waya haukupanda hata alipotumia vijiko viwili vya chuma. Alishona ubavu uliopasuka kwa uzi wa nailoni, akaweka ndani kipande cha tyubu kuukuu, akaenda polepole hadi Kondoa.

Kondoa mjini muuzaji wa vipuri aliliangalia gurudumu akatoa tairi la 28 x 1½. Kwa macho yalikuwa sawa. Likavaa kwa mkono mtupu, bila kijiko, na wote wawili walifurahi kwamba limeingia kwa urahisi. Urahisi huo ndio uliokuwa dalili mbaya. Tofauti ya milimita 5 kwenye kipenyo ni karibu milimita 16 kwenye mzingo, maana yake waya wa tairi haukuishika rimu popote. Lilipojazwa upepo kiasi, lilikaa. Mwalimu alipoongeza pampu ili libebe uzito, ukingo uliruka nje ya rimu upande mmoja, tyubu ikatokeza kama puto na kupasuka mlangoni mwa duka. Kama ukingo ungetoka njiani, kwenye mteremko, mbele ya lori, nisingekuwa na daftari la kusoma.

Fundi mmoja wa pale Kondoa alisoma namba zilizochongwa kwenye rimu na kuyalinganisha matairi yote matatu juu ya meza: 630, 622, 635. Akapiga simu Arusha, na gurudumu kamili la 622 likapakiwa kwenye basi na kushushwa stendi ya Kondoa siku iliyofuata. Raba za breki za mbele zikashushwa milimita 4, kama za nyuma. Kuanzia hapo tairi la akiba lilifaa gurudumu lolote.

Dodoma hadi Mtera hapakuwa na tukio. Kwenye kupanda Nyang'oro spoki ya nyuma ilikatika, upande wa friwili, kwenye kiwiko kinachoingia habu. Mwalimu alikuwa amefunga spoki za akiba kwenye bomba la fremu kwa utepe, za urefu wa aina mbili, kwa kuwa za upande wa friwili ni fupi kidogo kuliko za upande wa pili. Alikuwa pia na kifungulio cha friwili yake. Bila kifungulio hicho spoki ya upande ule haipenyi, na njia inayobaki ni kuipiga friwili kwa tindo na nyundo hadi ilegee au iharibike. Alikosa spana kubwa ya kukishikia, akaipata kwa dereva wa lori lililokuwa limepoa kando ya barabara. Kabla hajafika Iringa spoki nyingine ilikatika, upande uleule.

Fundi wa Iringa hakubadilisha spoki hiyo tu. Aliligeuza gurudumu, akawa anagonga kila spoki kwa ncha ya msumari huku ameinamisha sikio. Zilizokaza zililia juu, zilizolegea zilitoa mlio mfu. Alikaza zilizolegea robo mzunguko kwa robo mzunguko hadi upande mmoja wote ukalia kwa sauti inayokaribiana, kisha akazibana mbilimbili kwa viganja kwa nguvu, gurudumu zima, na kuanza tena kulinyoosha. Hapo hapo mwalimu alihamisha zana zote na maji kutoka nyuma kwenda mbele: chupa mbili za lita moja na nusu zilifungwa kila upande wa foki kwa klampu za mabomba ya maji, juu ya vipande vya tyubu ili zisikwaruze chuma, na zana zikakaa chini ya usukani.

Kutoka Iringa hadi Njombe hakuna spoki iliyokatika, na usukani haukutetemeka tena.

Matokeo

Safari ilikamilika, mwendeshaji hakuumia, na baiskeli ilirudi Arusha juu ya basi ikiwa inatembea. Muda uliopotea Kondoa na Iringa ulikula siku zote za akiba alizokuwa ametenga. Nilipoikagua, fremu ilikuwa bado imenyooka kwa kipimo cha uzi, keria haikuwa na ufa kwenye viungo, na boldi zake zilikuwa zimekaza. Rimu ya nyuma ilikuwa salama. Raba za breki zilikuwa zimelika upande wa chini zaidi, dalili kwamba koleo zinafanya kazi kwenye ukomo wa urefu wake, na nilishauri zifungwe koleo ndefu zaidi.

Uchambuzi

Kazi ya gia ilifanikiwa kikamilifu, nayo ilifanikiwa kwa sababu ilianza na hesabu. Fundi aliujua uzito na mwinuko, akatafuta meno yanayolingana navyo, na hakujali kwamba kranki ilitoka kwenye baiskeli ya aina nyingine. Kutopanua fremu nako kulithibitika kuwa sahihi: fundi yeyote aliyeshika baiskeli ile njiani aliielewa, kwa kuwa friwili ya kufunga kwa nyuzi za skrubu na ekseli ya nati ndivyo vitu anavyovishika kila siku.

Gurudumu la mbele linahitaji kuangaliwa kwa makini, kwa sababu hoja iliyotumika kuliacha inaonekana ya busara: kitu kizima hakibadilishwi. Hoja hiyo inafaa kwa baiskeli ya kuzunguka mjini. Kwenye safari ndefu, uzima wa rimu ni nusu tu ya swali, na nusu ya pili ni nini kitavishwa juu yake tairi la sasa likiisha. Magurudumu ya vipimo viwili yalimaanisha kwamba tairi la akiba lilikuwa akiba ya gurudumu la nyuma pekee, jambo ambalo hakuna aliyelitamka siku ya kununua. Tairi lenyewe lilikuwa na nyufa zinazoonekana. Ningeweza kuuelewa uamuzi wa kuiacha rimu ya 630 kama lingenunuliwa tairi jipya la 630 pamoja na la pili la kukunja na kubeba. Kuiacha pamoja na tairi lililokauka, bila mbadala, hakukuwa na utetezi.

Tukio la tairi la 635 linaonyesha hatari ya kutegemea inchi. Tairi linaloitwa 28 linaweza kuwa la 635, la Phoenix, au la 622, kwa kuwa 28 x 1⅝ x 1⅜ ni kipimo kilekile cha 700C. Namba ya kuaminika ni ile ya milimita, inayoandikwa kwa mfano 32-622 au 40-635, ya kwanza ikiwa upana na ya pili kipenyo cha rimu. Kwenye matairi yaliyochakaa namba hiyo huwa imefifia, lakini ikipanguswa kwa kitambaa chenye maji na kumulikwa kwa tochi kutoka pembeni, husomeka. Na tairi linaloingia bila kupigania ukingo wa mwisho litiliwe shaka kabla ya kujazwa upepo.

Spoki zilizokatika wengi wangezilaumu kwa ubora wake. Zilikuwa za kawaida, za kuzamishwa kwenye zinki, na sikuona kasoro kwenye zilizobaki. Ninavyoona mimi, chanzo kilianza Arusha, siku kisigino kilipogonga dumu. Madumu yaliposogezwa nyuma, uzito ulivuka ekseli, sehemu ya mbele ikawa nyepesi na usukani ukaanza kutetemeka, huku gurudumu la nyuma likibeba karibu kila kitu. Spoki iliyolegea hulegea zaidi kila inapopita chini na kukaza tena inapopanda. Mara maelfu kwa maelfu, kiwiko chake huchoka na kukatika. Gurudumu lilisukwa na kunyooshwa vizuri kwa macho, lakini mikazo ya spoki haikulinganishwa, na aliyelisuka hakuzibana kwa mkono ili zikae kwenye matundu yake kabla ya kulitoa karakanani. Mzigo uliokaa nyuma mno uliufichua udhaifu huo mapema. Kwa hiyo mtetemo wa usukani aliouandika kabla ya Babati na spoki iliyokatika Nyang'oro vilikuwa na asili moja, na kama mtetemo ungesomwa kama dalili badala ya kuzoewa kwa magoti, mizigo ingehamishwa mapema zaidi.

Suluhisho la visigino lilikuwa karibu. Madumu ya lita 10, au ya lita 20 yaliyokatwa kona ya mbele ya chini kwa mshazari, yangekaa juu ya ekseli bila kuguswa. Kinachozidi kingekwenda mbele, ambako foki ya chuma ya baiskeli za wakati ule hubeba kilo kadhaa bila kulalamika. Baada ya safari mwalimu amefanya hivyo: amekata kona za madumu, ameyarudisha mbele kwa karibu upana wa kiganja, na amemwagiza fundi wa kuchomelea keria ndogo ya mbele inayoning'iniza mzigo usawa wa ekseli.

Kuhusu zana, kifungulio cha friwili na spoki za urefu wa aina mbili vilistahili kila gramu. Spana ya kukishikia ilikosekana kwa sababu ya uzito wake, na ninaafiki kuiacha, kwa sharti kwamba msafiri ahakikishe kabla ya kuondoka kwamba friwili inafunguka. Iliyofungwa kwa miaka bila grisi haifunguki barabarani hata kwa spana ndefu. Hii ilifunguka Nyang'oro kwa sababu fundi wa Arusha aliipaka grisi nyuzi zake alipokuwa akiirudisha kwenye habu.